British Leyland ilivyokufa, na nilichojifunza nikiwa stoo ya spea Tabora

Mimi naamini mtu wa stoo ya spea anajua kampuni ya magari inakufa kabla gazeti halijaandika. Nimeshika spea hapa Tabora tangu niko spana boi mwishoni mwa miaka ya 80 mpaka sasa nina duka langu, na kampuni iliyonifundisha biashara kuliko zote ni kampuni ambayo hata kwao sijawahi kufika, British Leyland ya Uingereza. Vijana wa sasa jina hilo hawalijui, ila ukiwatajia Land Rover 109 wanaijua, kila ukoo huku una habari ya 109, kuna aliyezaliwa ndani yake mama akikimbizwa hospitali ya Kitete, kuna mzigo wa tumbaku wa Urambo uliotolewa kwenye tope la masika na 109 wakati malori yote yamelala. Sasa hiyo gari kwa miaka mingi ilikuwa mali ya British Leyland, na ntaeleza jinsi kampuni yenye gari kama hiyo mkononi ilivyofilisika, kwa sababu kilichoiua nimekiona kwa macho yangu hapa hapa mjini kwenye biashara za watu wetu, na kinaniuma.

Gereji niliyojifunzia ilikuwa upande wa Isevya chini ya miembe, ya mzee mmoja aliyeanza ufundi kabla ya uhuru, sisi tulimwita Mzee tu. Alikuwa hatupi boksi la spea. Yale maboksi aliyapanga ukutani anawekea nati na washa, na kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuyafuta vumbi, ndo nikaanza kuona kitu. Spea ni ile ile, tuseme wotapampu ya injini ya lita 2.25, ila boksi la zamani kabisa limeandikwa Rover, la baadaye Leyland, lingine Unipart, alafu linakuja la Land Rover peke yake. Nikamuuliza, Mzee, hizi ni kampuni nne au moja? Akanambia, "Mwanangu, kitu ni kile kile, wanaobadilika ni wenye mali. Ukiona majina yanabadilika hivyo ujue nyumbani kwao hakukaliki."

Spana nazo. Kwa 109 lazima uwe na spana za inchi, alafu hizo nati zenyewe sredi zake sio za aina moja, nyingi ni za mtindo mpya wa wakati ule lakini ukigusa sehemu nyingine, giaboksi hasa, unakutana na za mtindo wa zamani zaidi, ukilazimisha bolti sredi inaliwa. Mzee alikuwa na makopo tofauti na ole wako uchanganye. Land Cruiser zilipoanza kujaa mjini, spana ya 10, 12, 14 na 17 zinakufungulia karibu gari zima. Hiyo peke yake ilinifikirisha sana, kwamba kuna watu walikaa chini wakamfikiria fundi aliyeko Sikonge, na kuna watu kila idara ilifunga nati yake.

Mengine nimeyasoma baadaye intaneti ilipofika, usiku nikishafunga duka, na nilikuwa nasoma kama mtu anayetafuta habari za marehemu aliyemjua.

Kampuni iliundwa mwaka 1968. Upande mmoja walikuwepo Leyland, watu wa malori na mabasi, hao walikuwa wanapata faida na walishainunua Standard-Triumph mwaka 1961 na Rover, ndo wenye Land Rover, mwaka 1967. Upande wa pili British Motor Holdings, wenye Austin, Morris, MG na Jaguar, kubwa sana lakini hali ya pesa mbaya. Serikali ya Harold Wilson ikawasukuma waungane, waziri Tony Benn akiwa mstari wa mbele, nia yao Uingereza iwe na kampuni moja nzito ya kupambana na wageni. Donald Stokes wa Leyland ndo akawa mkubwa wa wote. Viwanda karibu 40, wafanyakazi zaidi ya 150,000, na wakati wanaungana walikuwa wanauza karibu gari 4 katika kila 10 zinazonunuliwa kwao. Ukubwa wote huo na miaka 7 tu baadaye serikali inaichukua kuiokoa isifungwe. Miaka 7!

Watu wanapenda kusema ni migomo. Migomo ilikuwepo kweli tena mingi, kiwanda kimoja kikigoma cha pili kinakosa vifaa na chenyewe kinasimama, sikatai. Lakini mfanyakazi wa kiwanda cha Longbridge hakuchora gari, hakupanga bei, hakuamua kwamba kampuni moja itengeneze gari mbili zinazogombea mteja mmoja. Rover 2000 na Triumph 2000 zilitoka mwaka mmoja, 1963, zikiwa za kampuni mbili tofauti, hapo sawa. Baada ya kuungana zote ziko nyumba moja na bado zikaendelea kupigania mnunuzi yule yule, kila moja na injini yake, mlango wake, taa zake, spea zake.

Mfano unaoniuma mimi kama fundi ni Triumph Stag. Ilitoka mwaka 1970, gari ya wazi ya kifahari, na Triumph wakaitengenezea injini ya V8, yaani silinda nane, yao wenyewe ya lita 3. Ndani ya kampuni hiyo hiyo Rover walikuwa tayari na V8 ya lita 3.5, ya aluminiamu, nyepesi, asili yake ni injini ya Buick ya Marekani ambayo Rover walinunua haki zake, ndo iliyofungwa kwenye Range Rover mwaka huo huo 1970, na ile injini imedumu miaka mingi mno. Triumph wakang'ang'ania ya kwao. Ya kwao ikawa inachemsha, silinda hedi inapinda, gasketi zinaungua, gari zinarudi kwa fundi chini ya waranti, na jina zuri la gari likaharibika kabisa, mwaka 1977 wakaacha kuitengeneza wakiwa wametoa kama 25,000 tu. Yaani injini nzuri iko kwa ndugu yako, mnalipwa na kampuni moja, unakataa kwenda kuomba kwa sababu ni ya Rover na wewe ni Triumph. Nani aliyekaa juu akaruhusu hiyo? Hapo ndo penye kosa, kwa mtu mwenye mamlaka ya kusema injini ni hii basi, na hakusema.

Mwaka 1973 wakatoa Austin Allegro, usukani wake sio duara, una pembe pembe, wateja hawakuutaka na baada ya muda wakaurudisha wa kawaida. Miaka ile ile Wajapani wanaleta gari ambayo redio imo, hita imo, inawaka asubuhi kwenye baridi. Sitaki kukaa sana hapo.

Nataka kukaa kwenye hesabu, maana hapa ndo somo langu lilipo. Mini, gari ndogo ya upande wa Austin na Morris iliyochorwa na mhandisi Alec Issigonis, ilitoka mwaka 1959, ikauzwa pauni 496, ikapendwa dunia nzima, mpaka inaachwa mwaka 2000 zilishatengenezwa zaidi ya milioni 5. Na habari inayojulikana sana ni kwamba wahandisi wa Ford waliinunua moja, wakaifungua mpaka nati ya mwisho, wakapiga gharama ya kila kitu, wakaona kwa bei ile mwenye gari anauza kwa hasara. Mshindani wako anajua gharama ya gari yako kuliko wewe. Gari inayouzika kuliko zote ndo haileti faida ya maana, na kadiri unavyouza nyingi ndivyo unavyojiona unafanya vizuri, viwanda vimejaa kelele, malori yanatoka getini, picha ziko gazetini, na benki pesa haipo.

Niliposoma hiyo nilisimama, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona. Miaka ya mwanzo ya 2000 nilifanya kazi stoo kwenye kampuni moja ya mabasi hapa, jina naliacha, familia bado ipo na ni watu wema. Tajiri alianza na basi moja la Nzega, akaongeza, akaongeza, likaja la Urambo na Kaliua, la Mpanda kupitia Sikonge, mjini kila mtu anamsalimia kwa heshima. Kila basi aina yake. Scania moja, Isuzu, Fuso, Nissan Diesel, alikuwa ananunua kile kinachopatikana Dar kwa bei nzuri wiki hiyo. Mimi stoo yangu ilikuwa na spea za aina zote na bado ikiharibika moja kile kinachotakiwa hakipo, kipo cha nyingine. Pesa imelala kwenye rafu na basi limelala uani.

Jioni konda anatoa hesabu, noti zinawekwa kwenye droo moja, basi zote. Asubuhi mafuta yanatoka kwenye droo hiyo hiyo, tairi, faini, ada za watoto, msiba. Siku moja nilimwomba tajiri nafasi nikamuuliza kwa heshima, "Tajiri, hili la Mpanda likienda na kurudi, ukitoa mafuta na tairi na springi zinazokatika kule, linabakisha shilingi ngapi?" Akanijibu, "Mdogo wangu, mabasi yote ni yangu, pesa yote ni yangu, ya nini kutenganisha?" Hakusema kwa kiburi hata kidogo, aliamini kabisa. Nikaanza kuandika mwenyewe kwenye daftari, kila basi ukurasa wake, mafuta yake, spea ilizochukua kwangu, hesabu iliyoleta. Masika ile barabara ya Mpanda ilikuwa udongo mtupu na la Mpanda lilikuwa linakula kila kitu ambacho la Nzega linaleta. Na la Nzega lenyewe, ambalo ndo limetulisha wote, tairi zake zilikuwa vipara, kwa sababu likilala uani hata siku mbili hakuna wa kununua dizeli ya mengine, kwaiyo halipewi nafasi ya kulala.

Nilimpelekea daftari. Alilisoma vizuri, akanishukuru, na akasema la Mpanda hawezi kulitoa kwa sababu watu wa kule ni wa kwao na wangesema amefilisika. Nilimwelewa. Aibu ya kupunguza ni kubwa sana huku kwetu, mtu yuko tayari kufilisika kweli ili asionekane anafilisika.

British Leyland walifanya hivyo hivyo kwa Land Rover, na ndo maana nasema hii habari ni yetu. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam Aprili 1948, bodi aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na jeshi, polisi, misheni, mashamba, idara za serikali Afrika nzima zikaikumbatia. Thika pale Kenya kilikuwepo kiwanda cha kuziunganisha. Mwaka 1976 wakafikisha ya milioni 1. Range Rover nayo watu walikuwa wanasubiri foleni kuinunua. Hizi ndo zilikuwa zinaleta pesa, na pesa ikawa inakwenda kuziba mashimo ya gari ndogo. Ni ng'ombe wa maziwa anayekamuliwa asubuhi na jioni alafu pumba zinapelekwa kwa ng'ombe mkavu. Range Rover ilitoka na milango miwili mwaka 1970 na kiwandani milango minne ilikuja mwaka 1981, miaka 11 kuongeza milango ambayo wateja wanaitaka! Injini ya 2.25 ya petroli ya mwaka 1958 ndo ile ile tuliyoifungua sisi kwenye gari za mwanzo wa miaka ya 80. Ni injini nzuri, Mzee aliipenda, lakini kwa mzigo na safari za huku nguvu ilikuwa ndogo na walijua, pesa ya kuibadilisha ilikuwa inaliwa kwingine. Mpaka mwaka 1978 ndo Land Rover ikafanywa kampuni yenye hesabu zake ndani ya kundi, na 110, ya kuchukua nafasi ya 109, ikaja mwaka 1983.

Wakati huo Toyota hawakulala. Walikuwa na Land Cruiser yenye injini kubwa, dizeli imara, na kikubwa kuliko yote spea ziko dukani. Mwaka 1984 wakatoa ile ya 70, ndo hii mkonga mnayoiona mpaka leo kwenye miradi na hifadhi. Nilishuhudia mabadiliko kwenye gereji, mradi ulioleta 109 zake kwa Mzee kwa miaka, gari zikichakaa wanaleta Land Cruiser, wa pili hivyo hivyo, misheni hivyo hivyo, na ukienda upande wa Kigoma na Kasulu kipindi cha wakimbizi ndo kabisa, barabara nyeupe kwa Land Cruiser. Spea za 109 kuchelewa kulikuwa na sababu nyingi, nchi yenyewe miaka ile ilikuwa haina fedha za kigeni, sitaki kumsingizia mtu. Lakini mteja hasubiri sababu. Mzee aliumia, akajifunza Toyota akiwa mtu mzima, na akanunua seti ya spana za milimita.

Huko kwao mambo yalikwenda haraka. Mwisho wa 1974 pesa ziliisha, serikali ikaweka dhamana, mwaka 1975 ikatoka ripoti ya Ryder, mtu aliyepewa na serikali kazi ya kuichunguza kampuni, na serikali ikachukua karibu hisa zote. Ripoti ile ilisema wazi kwamba faida ya miaka ya nyuma kwa sehemu kubwa ilikuwa inagawiwa kwa wenye hisa na mashine viwandani zimezeeka. Dawa yake ikawa pesa nyingi ya walipa kodi huku kampuni ikibaki kubwa vile vile, na hapo mimi napingana nayo moja kwa moja, ukimpa pesa mtu ambaye hajui gari ipi inamla umemwongezea muda wa kuliwa. Mwaka 1977 akaletwa Michael Edwardes kuwa mkubwa wa kampuni, huyo ndo akaanza kukata, kiwanda cha Speke kikafungwa 1978, cha MG Abingdon mwaka 1980, watu maelfu wakaenda nyumbani, akafunga mkataba na Honda. Wengi walimchukia. Mimi namwona kama mtu aliyekuja kufanya mwaka wa 10 kazi iliyotakiwa kufanywa mwaka wa kwanza, na waliolipia ule ucheleweshaji ni wafanyakazi, sio waliochelewesha.

Baada ya hapo ni kuuza vipande. Jaguar ikatoka 1984, malori yakaunganishwa na DAF ya Uholanzi 1987, kilichobaki kikaitwa Rover Group na mwaka 1988 kikauzwa kwa British Aerospace, 1994 BMW wakanunua kwa pauni milioni 800, na mwaka 2000 BMW wakachoka. Land Rover wakaiuza kwa Ford. Gari ndogo na kiwanda cha Longbridge wakawapa wafanyabiashara wa hapo kwa pauni 10, pauni kumi, bei ya chakula cha mchana. Aprili 2005 kampuni yao hiyo, MG Rover, ikaanguka, watu kama 6,000 wakakosa kazi, na uchunguzi wa serikali uliotoka 2009 ukaonyesha wakubwa watano walikuwa wamejilipa karibu pauni milioni 42 kwa mishahara na pensheni. Nafikiria fundi wa miaka 50 na kitu amekaa kwenye lain ya Longbridge tangu kijana, hajawahi kuulizwa hata siku moja gari gani itengenezwe.

Na Land Rover? Tata wa India waliinunua pamoja na Jaguar mwaka 2008 kwa dola bilioni 2.3, wakakutana na mdororo wa dunia mwaka ule ule, wakavumilia, wakaweka pesa kwenye magari yenyewe, na Land Rover ikawalipa.

Kampuni yetu ya mabasi nayo iliisha. Hakukuwa na siku moja ya kuanguka, lilisimama la Kaliua likatolewa injini kufungwa jingine, likafuata jingine, mishahara ikawa nusu nusu, mi nikaondoka na spea chache nilizopewa badala ya mshahara, ndo mtaji wa duka langu ulipoanzia. Kwenye duka kila aina ya gari ina daftari lake mpaka leo, na mke wangu ndo anayelishika maana ni mkali kuliko mimi. Lile la Nzega, na vipara vyake, lilinunuliwa na dereva wake mwenyewe akishirikiana na shemeji yake. Walilisimamisha uani kwanza wakalifanyia kila kitu, injini, springi, tairi zote, watu wakawa wanawauliza mbona mmenunua basi la kupaki. Alafu wakalirudisha barabara ile ile ya Nzega, peke yake, hawakugusa Mpanda. Baadaye wakaongeza la pili, aina ile ile, na spea zake wananunua kwangu, nakaa na aina moja tu kwenye rafu yao na inatosha.